Chupa ya Siki katika Nyumba ya Mwanangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika Kituo cha Polisi, Nyamarambe, Jumatatu tarehe 18 Machi 1974, kuanzia saa tatu asubuhi.

Jina: Manasseh Nyangate, mwana wa Onyancha
Umri: Miaka hamsini na saba, kwa kukisia
Kazi: Mkulima wa chai na ndizi
Makao: Nyacheki
Dini: Mkristo, Msabato
Lugha: Kiswahili, bila mkalimani

Jina langu ni kama lilivyoandikwa hapo juu. Kiswahili changu nilikipata Kericho kwenye mashamba ya chai, kwa hiyo sajenti, nikikosea maneno usidhani ninaficha kitu. Sikukamatwa. Nimekuja kwa miguu yangu kwa sababu naogopa, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya serikali. Mke wa mwanangu amelala hospitalini Kisii na bado hajasema neno. Ndugu zake wameapa kwamba akifa, watarudi kwangu na moto. Nataka haya yaandikwe nikiwa hai.

Nina mke mmoja, Persis. Mwanangu ni Abner, karani katika ofisi moja mjini Kisii. Hulala huko katikati ya juma na kurudi nyumbani kwa ajili ya Sabato. Mwaka jana alioa msichana aitwaye Marion Nyanchera, wa hapa hapa upande wa Nyamarambe. Marion ana mimba ya miezi sita. Abner alimjengea nyumba ya mabati yenye sakafu ya simiti, ng'ambo ya uwanja kutoka kwangu, na ndani yake akaweka bafu, jambo ambalo mimi nililiona la kujigamba. Bafu lenyewe ni dogo, lina mlango wa mbao na kidirisha kimoja cha kufunga kwa kipande cha ubao.

Umeniuliza siki ilifikaje kwangu. Mkubwa wa Abner kazini alihama Kisii mwezi wa Januari akamwachia katoni ya vyombo, na ndani ya katoni mlikuwa na chupa kubwa ya siki. Mke wangu alipoinusa alitaka kuimwaga. Kanisani tulifundishwa tangu enzi za wamisionari kwamba siki si chakula cha Msabato, sawa na kahawa na pilipili. Marion akamwambia, "Mama, usimwage. Si lazima tuile. Shuleni tulifundishwa kuoshea nyumba."

Basi ikawa hivyo. Nyumba nyingine siki huenda kwenye kachumbari, kwetu ilienda kwenye vioo na masufuria. Marion alichanganya kikombe kimoja na maji mengi kwenye ndoo, akapangusa vioo kwa gazeti kuukuu hadi ndege mmoja akajigonga akidhani hapana kioo. Birika letu lilikuwa na ukoko mweupe ndani ambao mke wangu aliukwangua kwa kijiko miaka yote bila kuushinda. Marion alitia maji na siki kidogo, akachemsha, akaacha ipoe, ukoko ukatoka vipande vipande. Akalisuuza mara mbili kabla ya chai. Kwenye sakafu ya simiti hakuiacha ikae, alisema siki hula simiti polepole. Mke wangu alipoona hayo akageuka mhubiri wa siki. Wanawake wa kanisa walikuja kutazama birika kana kwamba limetoka mbinguni.

Marion ni msichana mwangalifu. Alifunga uzi mwekundu kwenye shingo ya ile chupa, ili mtu asiyesoma asije akaidhania maji au mafuta. Alituonyesha sote: chupa ya uzi mwekundu haiguswi ovyo. Sajenti, uandike jambo hilo la uzi vizuri, kwa maana uzi huo karibu unitoe roho.

Kulikuwa na chupa nyingine. Ni dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile inayonuka kama wodi. Abner aliileta kwa ajili ya mashati yake ya ofisini, na Marion aliiweka tayari kwa nepi za mtoto atakayekuja. Hiyo nayo aliitumia peke yake, nje, kwenye karai, na haikumdhuru. Chupa hizo mbili zilikaa nyumba moja miezi miwili kwa amani.

Mnamo tarehe 15 Machi 1974, siku ya Ijumaa, nilikuwa nyumbani. Ijumaa kwetu ni siku ya maandalio. Kila kitu lazima kioshwe, kipikwe na kipigwe pasi kabla jua halijatua, kwa sababu likitua ni Sabato na mikono inapumzika. Siku hiyo haraka ilizidi, kwa kuwa mchungaji mgeni alikuwa alale katika nyumba ya Abner. Mke wangu alikwenda na wanawake wengine kufagia kanisa. Marion alibaki kusafisha bafu, ambalo lilikuwa limeota ukungu wa kijani pembeni. Alikuwa aoge humo humo akimaliza, ndiyo sababu alifunga mlango na kidirisha.

Saa sina. Umesisitiza nitaje saa, basi andika kama saa kumi na mbili za jioni, kwa kuwa jua lilikuwa juu ya kilima likiwa limebaki kidogo. Nilikuwa nafunga ng'ombe kwenye zizi langu. Nikasikia mtu anakohoa katika nyumba ya Abner. Mwanzo sikujali. Kikohozi kikaendelea, kikawa cha kukwaruza, kama cha mbuzi aliyekabwa na kamba. Kisha ndoo ikaanguka.

Nilivuka uwanja nikasimama mbele ya mlango wa mbele, ambao ulikuwa wazi. Nikaita, "Mosubati, uko mzima?" Ndivyo tunavyomwita mke wa mwana, hatumwiti kwa jina. Hakujibu, alikohoa tu. Halafu nikamsikia anasema, "Tata!" yaani baba.

Sikuingia.

Wewe sajenti ni Mtaita, na umenikodolea macho. Sijui kwenu mnafanyaje. Kwetu kuna kitu tunaita chinsoni, ndiyo heshima na ndiyo aibu, vyote pamoja. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Nilisaidia kusimamisha nguzo za nyumba ile kwa mikono yangu hii, lakini tangu siku mke alipowasha moto ndani, mguu wangu haukuvuka kizingiti. Na huyo mke hatuwezi kuonana uchi wala nusu uchi, hatupeani mkono, hatukai kitanda kimoja. Mzee akivuka hapo, watu husema amemwendea mke wa mwanawe, na mtoto atakayezaliwa hutazamwa kwa jicho baya. Dini imetuondolea mengi, hilo halikutuondoka. Nikamfikiria msichana yule bafuni, akiwa tayari kuoga. Miguu yangu ikakataa.

Niligeuka nikapiga kelele kuwaita wanawake. Nilimwita Mong'ina, jirani yetu wa chini, nikamwita mke wangu ingawa nilijua yuko mbali. Hakuna aliyeitika, wote walikuwa kanisani. Wakati huo harufu ikanifikia pale mlangoni. Ilikuwa harufu ya ile dawa ya nguo, lakini yenye meno. Macho yalitoka machozi na koo likafunga. Nikaogopa vibaya sana. Sikujua ni nini kimo humo ndani, nilijua tu kwamba kama kinaniuma mimi niliye nje, yeye kinamfanyaje.

Akaniita mara ya pili. "Tata," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, imetoka chini, karibu na sakafu. Baada ya hapo sikusikia hata kikohozi.

Nilivua koti nikalichovya kwenye maji ya ng'ombe, nikajifunga kichwani na puani, nikavuka kizingiti. Nilipita sebuleni bila kutazama pembeni. Mlango wa bafu nilipousukuma, mtu alikuwa ameuegemea kwa ndani. Nilikusanya nguvu nikausukuma tena hadi ukafunguka. Marion alikuwa chini, amevaa shimizi tu, midomo imebadilika rangi. Kando yake kulikuwa na ndoo imelala, na majimaji yanayotoa povu sakafuni, na hewa ya humo ilikuwa kama imetiwa rangi ya majani makavu. Chupa zote mbili zilikuwa wazi pale chini. Ile ya uzi mwekundu ilibaki imesimama.

Nilimshika chini ya makwapa nikamburuta hadi nje, nikamlaza juu ya nyasi upande unaotoka upepo. Nikakaa chini na kichwa chake kwenye mapaja yangu, kwa sababu akilala chali alikuwa anakabwa. Nilimmwagia maji safi usoni na mikononi. Mimi mwenyewe nilikohoa hadi nikatapika. Jua likatua tukiwa hivyo hivyo.

Wanawake walirudi kutoka kanisani wakiimba. Wakaona mzee Manasseh ameketi mlangoni pa mwanawe, ameshika mke wa mwanawe aliyevaa shimizi lililolowa. Wimbo ulikatika. Mke wangu hakuuliza swali. Alivua leso yake akamfunika Marion, kisha akaniambia, "Niachie mimi, wewe nenda utafute gari." Kwa neno hilo namshukuru Persis mpaka kaburini. Lakini Mong'ina alisimama pale mbali, mkono mdomoni, na nilijua kabla hakujapambazuka Nyacheki nzima itakuwa na habari.

Tulimbeba juu ya kitanda hadi kituo cha kununulia majani, na dereva wa lori la chai akampeleka Kisii pamoja na mke wangu. Hakuna aliyetaja Sabato.

Mnamo Jumamosi tarehe 16 Machi, asubuhi, niliona watu wanapanda njia ya migombani. Walikuwa ndugu wawili wa Marion, Nyamweya na Nyasani, na vijana wengine ambao siwajui, wote na mapanga. Nilikuwa peke yangu, Abner alikuwa amekwenda moja kwa moja hospitalini. Sikukimbia. Si kwa ushujaa, sikuwa na pa kukimbilia.

Nyasani ndiye aliyesema. "Mzee, ulienda kufanya nini kwa nyumba ya mtoto yako?"

Nikasema, "Dada yenu aliniita."

"Nani alisikia?"

Hakuna aliyesikia. Ndilo jambo linalonikosesha usingizi. Neno lile "Tata" liko kwenye masikio yangu mawili na kwenye kinywa cha mgonjwa asiyeweza kusema, basi.

Waliingia ndani wakatoka na ile chupa. Nyamweya akaishika kwa mbali, kwa vidole viwili. "Hii uzi nyekundu ni ya nini? Hii ni dawa ya omorogi." Omorogi ni mchawi, sajenti, na mtu akiitwa hivyo kwetu hapelekwi kortini. Nikawaambia ni siki ya kuoshea vyombo, na uzi aliufunga dada yao mwenyewe ili watu wasikosee. Wakacheka. Unaona jinsi mambo yanavyogeuka? Uzi uliofungwa kutulinda ndio uliotaka kunimaliza.

Nyasani akaniwekea chupa mkononi. "Kama ni ya vyombo, kunywa tuone."

Ningependa uelewe hofu niliyokuwa nayo hapo. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu lililotokea ndani ya bafu lile, na sikujua limetoka chupa ipi. Katika maisha yangu sijawahi kuonja siki. Lakini nilikumbuka birika. Nikajiambia, Manasseh, kama siki hii ingekuwa ya kuua, wewe ungekuwa umeshakufa kwa chai tangu Januari. Nikainusa, ikanuka uchachu tu, kama ndizi zilizooza shimoni. Haikuwa na yale meno. Nikanywa funda moja. Ilinichoma koo, ambalo tayari lilikuwa na kidonda, nikatokwa machozi mbele ya vijana walio wadogo kwangu. Wakasimama wakinitazama, wakingoja nianguke. Mimi pia nilikuwa nangoja.

Sikuanguka. Nyamweya alianza kulegea. Nyasani akasema, "Basi ni uchawi, si sumu. Dada yetu akifa, tunarudi na moto. Na wewe utakuwa ndani." Wakaondoka na mapanga yao.

Jioni hiyo Abner alirudi kutoka Kisii. Alisimama uwanjani, hakunikaribia. Aliniuliza jambo moja, "Baba, uliingia?" Nikajibu, "Niliingia." Akainamisha kichwa, akaenda kulala kwa jirani. Mapanga yaliniogopesha, lakini hilo la mwanangu liliniumiza. Wanasema lisemwalo lipo, na sijui yeye ameambiwa nini huko njiani.

Mnamo Jumapili tarehe 17 Machi alikuja Bwana Afya, ametumwa na daktari baada ya kusikia habari ya chupa mbili. Jina lake ni Zachariah Omwenga. Kwanza alifungua milango na kidirisha, akasubiri nje kitambo, ndipo akaingia. Alitazama ndoo, akanusa vifuniko kwa mbali huku akipunga hewa kwa kiganja. Alipotoka aliniuliza, "Mzee, alichanganya?" Nikasema naona alichanganya, maana chupa zote mbili zilikuwa wazi.

Akanieleza hivi. Siki ukiitia maji ni kitu cha salama, itumie kwa kioo, birika, masufuria, hata harufu mbaya. Ile dawa ya nguo nayo ni salama ukiitumia peke yake penye hewa. Lakini zikikutana ndani ya ndoo moja hutoa hewa ya sumu iitwayo klorini, ambayo hula kifua. Na bafu limefungwa. Alisema Marion huenda alidhani kama siki inasafisha na dawa inasafisha, zote mbili zitasafisha upesi zaidi, na jua lilikuwa linamkimbiza. Hakuna mchawi hapo. Ni haraka ya maandalio.

Niliketi chini niliposikia hivyo. Siku mbili nilikuwa natafuta adui, kumbe adui ni vitu viwili ambavyo kila kimoja ni rafiki. Nilipomtuma mtu awaambie Nyamweya na Nyasani maneno ya Bwana Afya, jibu lilirudi kwamba watu wa serikali hulindana. Wanataka kusikia kwa mdomo wa dada yao. Na daktari amesema koo lake na mapafu yake yameungua, na mtoto tumboni bado hajulikani.

Chupa zote mbili nimekuletea ndani ya kikapu hiki. Usizifungue pamoja. Uzi sikuuondoa.

Umeniuliza kama ningeweza kuingia mapema. Ningeweza. Aliponiita mara ya kwanza, kizingiti kilikuwa mbele ya vidole vyangu. Nilimpa heshima yake wakati alikuwa anataka hewa. Andika hilo pia, na uandike kwamba lingetokea leo, ningeingia kwa lile la kwanza.

Ninachoomba ni mambo mawili. Chifu atangaze kwenye baraza, na kanisani kwetu pia, kwamba siki na dawa ya nguo zisitiwe ndoo moja, na mtu anayesafisha afungue dirisha hata kama kuku wataingia. La pili, askari alale kwangu mpaka ijulikane kama msichana yule ataishi. Nyumba yangu ni ya nyasi, na wiki hii mvua haijanyesha.

Niliyoona na niliyofanya ni hayo. Nimesomewa, na ni sawa na nilivyosema.

(Sahihi) Manasseh Nyangate

MAANDISHI YA AFISA: Maelezo haya nimeyachukua mimi, Sajenti Mwakio. Shahidi hakubadilisha maneno. Vielelezo: chupa mbili, moja ina uzi mwekundu shingoni.

Nyongeza, siku hiyo hiyo, saa kumi alasiri. Hospitali ilipiga simu kwamba mgonjwa ameanza kusema. Nilimchukua shahidi kwa gari la kituo hadi Kisii. Wodini niliwakuta mumewe Abner na ndugu wawili wa mgonjwa. Muuguzi alisema moyo wa mtoto unasikika. Mbele yao wote nilimwuliza mgonjwa nani aliyechanganya dawa. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba ni yeye, ili awahi jua. Nilimwuliza kama alimwita mtu. Alisema, "Nilimwita Tata. Mara mbili."

Shahidi wakati huo alikuwa amesimama nje ya mlango wa wodi na alikataa kuingia. Mgonjwa alipoambiwa yuko nje, alimwita. Shahidi alijibu kutoka mlangoni, "Mosubati, hapa panatosha." Mgonjwa akasema, "Tata, ingia. Nisikuite mara ya pili."

Shahidi alivua kofia akaingia. Nyasani alisimama akampa kiti chake.

(Sahihi) Sjt. Mwakio